Mbao za Mtepe Hazina Msumari

Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, mjomba wangu Shamte alisimama mlangoni pa karakana akahesabu vidole. Hakumwachia mtu kuingia mpaka anyooshe mikono yote miwili, viganja juu kama anayeomba dua, naye akavipitia kimoja kimoja mpaka kumi. Jioni, msumeno ukishasimama, alivihesabu tena. Mfaume, yule aliyepokea mbao upande wa pili wa msumeno, alikuwa na tisa tangu ujana wake.

"Tisa," mjomba akisema.

"Kimoja anacho samaki taa wa kule mlango wa bahari wa Chole. Kamdai yeye, fundi."

Siku zote ni neno lile lile, na siku zote vijana walicheka. Mjomba hakucheka. Alisogea kwa mtu wa nyuma yake.

Watu wa Kilindoni walimfanyia mzaha kwa hesabu ile. Ila waliojua ilianza lini hawakumfanyia mzaha. Ilianza kesho yake baada ya mkono wa Jumanne.

Jumanne alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na mama yangu ni dada yao. Sote tulikaa nyumba moja. Nami kila siku nilikwenda karakana kuzoa unga wa mbao na vipande vya kuwashia moto, kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengine nimeyaona na mengine nimeyasikia nyumbani kupitia ukuta wa makuti.

Karakana ilikuwa ya Bwana Mbarouk, mwenye minazi ya Baleni. Zamani mafundi walipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni, siku nzima kwa ubao mmoja. Kisha, mwaka ambao Wajerumani waliuandika 1910, Bwana Mbarouk akaleta mashine ya moshi kutoka bara. Ilishushwa juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja, na watu wakakusanyika ufukweni kama kumeletwa tembo. Ilikuwa na tumbo la chuma la kuchemshia maji, ikila makumbi na vifuu vya nazi. Ikipata moto huzungusha gurudumu, gurudumu huvuta mkanda mrefu wa ngozi, na mkanda huzungusha msumeno wa duara mpana kuliko sinia la harusi. Gogo la siku nzima likapasuliwa kabla uji haujapoa.

Ilikuja na fundi Mgoa, akakaa siku arobaini kufundisha, akaondoka. Katika watu wote aliyemsikiliza kweli ni mjomba Shamte. Alizishika amri za mashine kama mtoto anavyoshika sura fupi za chuoni, na usiku, watu wakila, huzisoma bila kuulizwa. Mikono ya kanzu ifungwe kwa kamba juu ya kiwiko. Kilemba kisiachwe mkia. Unga wa mbao usipanguswe mpaka msumeno usimame wenyewe. Ubao ukifika mwisho usukumwe kwa kijiti, si kwa kiganja. Mtu asisimame sawasawa na msumeno, mbele wala nyuma, asimame ubavuni, maana ukikasirika hutupa kitu. Mbao kuukuu zigongwe na kupekuliwa misumari kwanza, maana jino la msumeno likikuta chuma, ubao huruka. Na juu ya msumeno kiwepo kile kifuniko cha chuma, kisitolewe.

"Sisi tunakula, kaka," Jumanne alikuwa akimwambia. "Hata samaki amesikia sasa."

Kifuniko kilitolewa mwezi wa tatu. Bwana Mbarouk alikuwa amenunua mabaki ya chombo kilichovunjika Ras Kisimani, boriti nene nyekundu, na boriti hizo hazikupita chini ya kifuniko. Akaja mwenyewe na kijakazi wa kumshikia mwavuli.

"Kiondoeni. Kitu hicho wamewekewa Wazungu, wana mikono laini."

"Bwana, nipe siku mbili," mjomba akasema. "Nizipekue mbao hizi."

"Upekue nini, fundi? Huu ni mtepe. Mtepe wa watu wa kaskazini."

Hapo mjomba akanyamaza, na hapo ndipo nisipomlaumu. Mtepe ni chombo kisichopigwa msumari. Hushonwa kwa kamba ya nazi toka mwanzo mpaka mwisho, na hilo hata mtoto wa kisiwa hiki analijua. Tangu mababu mafundi wa Mafia hawapekui mbao za mtepe. Kweli mjomba alitazama kama kuna matundu ya kushonea, hakuyaona, lakini boriti zilifika zimeshachongwa kingo zote hukohuko ufukweni.

"Sioni matundu, bwana."

"Yamekwenda na kingo. Au unataka kutafuta nini humo, fundi? Uzi?"

Vijana wakaangua kicheko. Jumanne pia alicheka, namkumbuka.

Siku ya nne ya kupasua boriti hizo, asubuhi ya Alhamisi, Jumanne ndiye aliyekuwa akisukuma. Mikono ya kanzu yake ilikuwa imefungwa. Kijiti alikuwa nacho mkononi. Mimi nilikuwa nimeinama na pakacha langu, nikasikia sauti ya msumeno ikibadilika, ikawa kama mtu anayekaza meno, kisha mlio mkali. Boriti iliruka ikakipiga kijiti, na mkono wa Jumanne ukaenda mbele na uzito wake wote mahali ambapo kifuniko kilikuwa kikae. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kuku wametagia chini yake.

Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo.

Mfaume ndiye aliyemfunga damu kwa kilemba. Mjomba Shamte akautwaa ule mkono, akauosha, akaufunga kwa kilemba chake yeye, na baada ya sala ya alasiri tukauzika makaburini kwetu kama inavyotakiwa. Walikuja watu wengi. Bwana Mbarouk hakuja. Alimtuma mtu na gunia la mchele na neno la kusema: ajali haina kinga. Mjomba alilibeba gunia lile kichwani mwenyewe mpaka mlangoni pa nyumba ya mawe ya bwana, akalishusha kizingitini, akarudi.

Jumanne alipona. Kupona kwenyewe ndiko kulikokuwa kubaya. Alikuwa mtu wa karamu, akiitwa kila harusi, na sasa hakuwa na mkono wa kulia chakula. Harusi ya kwanza aliyokwenda aliketi na wenzake kwenye sinia moja, akapeleka mkono wa kushoto kwa aibu, polepole. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Mama, yule anakula kwa mkono wa chooni!" Mama yake akamfinya. Wanaume walijifanya hawakusikia, lakini kila mmoja alivuta tonge lake upande wake. Jumanne akanawa akaondoka. Tangu hapo alikula nyuma ya nyumba, uso kwa mnazi, na mkewe Mize akimwekea bakuli lake peke yake kama anavyowekewa mgonjwa. Kabla mwaka haujazunguka alivuka kwenda Rufiji, asikojulikana na mtu, na hakumchukua Mize.

Usiku ule alioondoka nilimsikia mjomba akisema na mama.

"Nataka Mbarouk ale kwa kushoto."

"Shamte! Mwachie Mungu."

"Nimemwachia, dada. Mimi nangoja tu palepale."

Na akangoja. Watu walishangaa kwa nini hakuacha kazi. Walisema amesamehe, wengine walisema ameogopa. Bwana Mbarouk alimwona ni mtu mwenye akili, akamfanya mkubwa wa karakana, maana ni yeye peke yake aliyejua kunoa msumeno kwa tupa na kuyapinda meno, moja huku moja kule, msumeno usibanwe na mti. Kila mjomba alipomwona alimwambia, "Shikamoo, bwana," naye akajibu "Marahaba, fundi wangu." Mimi nilikuwa nikimtazama mjomba mkono wake wakati ule. Ulikuwa ukikunjuka na kukunjika.

Vidole vya watu alikuwa ameshaanza kuvihesabu tangu kesho yake ile ya mkono. Kifuniko cha chuma kilikuwa hakirudishwi, bwana amekataa, basi mjomba akachonga kingine cha mbao ya mkwaju, akakifunga juu ya msumeno, kifupi lakini kinazuia kiganja. Boriti zote zilizobaki alizigonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu, na kila penye sauti ya kuziba alichimba kwa patasi. Alitoa misumari mingi, mirefu, ya jahazi. Vichwa vilikuwa vimezamishwa na kufunikwa kwa vizibo vya mti wa rangi ileile, mtu asiyetafuta haoni. Hakuna aliyekuwa na shaka tena kwamba halikuwa mtepe. Jambo moja tu hakuna aliyelijua, kama bwana mwenyewe alidanganywa au alidanganya. Mjomba alijua moyoni. Lakini moyo si shahidi.

Boriti moja hakuichimba. Ilikuwa nzuri kuliko zote, nene, mstari wake umenyooka. Aliigonga, akasikia sauti ileile ya kuziba, akaipiga tezo juu juu mpaka ikang'aa kama mpya, akailaza nyuma ya rundo, akaifunika makuti. Mara kwa mara nilimwona akiipapasa, kama mtu anavyopapasa shingo ya ng'ombe wa sikukuu. Sikumwambia mtu. Nami nilikuwa nimemsikia yule mtoto wa harusini kwa masikio yangu.

Ikawa miezi kumi na moja tangu Alhamisi ile ya mkono.

Siku moja Bwana Mbarouk akatangaza kuwa mashemeji zake wawili wanavuka kutoka Chole kuiona mashine. Mkubwa ni Muhidini, mtu wa dini na maneno machache, ndugu wa mkewe Bi Thuwaiba. Mdogo ni Tahir, mtu wa kula na kucheka. Karakana ikafagiliwa, jamvi likatandikwa chini ya banda, pilau ikapikwa tangu alfajiri.

"Leo nitapasua mwenyewe," bwana akasema. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe mpya, mikono yake mipana ungeweza kuvulia dagaa. "Na hicho kisanduku chako cha mkwaju, fundi, kiondoe. Wageni wauone msumeno."

"Ndiyo, bwana."

Mjomba, ambaye kwa kisanduku kile angegombana na babake, alikifungua upesi sana. Mikono ya kanzu ya bwana aliitazama, hakusema kitu. Kisha akaenda nyuma ya rundo na vijana wanne, wakaileta ile boriti, wakailaza mezani mbele ya msumeno.

Moto ulikuwa mkali, mkanda ukaanza kukimbia, msumeno ukaimba. Watu walikuwa wamejaa. Mjomba akaanza kuwapanga kama siku zote, ila leo kwa ukali zaidi. Aliwasukuma watoto mpaka nje ya mlango. Wageni aliwakalisha ubavuni, mbali, nyuma ya nguzo. "Hapo, shekhe wangu, hapohapo, usisogee." Kisha akamwendea Mfaume.

"Nenda kaongeze makumbi."

"Makumbi yapo tele, fundi."

"Nimesema nenda."

"Nani atapokea ubao?"

"Mimi."

Mfaume akaenda ananung'unika. Mjomba akazunguka meza akasimama mahali pa Mfaume. Hakusimama ubavuni. Alisimama sawasawa na msumeno, kifua chake mbele ya meno, mahali ambapo mwaka mzima alikuwa akimzomea mtu yeyote aliyekanyaga. Hapo nikaelewa. Kila mtu alikuwa amewekwa pa salama isipokuwa wawili. Aliona kwamba kama jino litaruka, basi limpate yeye aliyelitaka.

Sikupiga kelele. Nasema kweli, sikutaka kupiga.

Bwana Mbarouk akaweka viganja vyote viwili juu ya boriti. Akawageukia mashemeji zake akacheka, akapaza sauti kuishinda mashine:

"Mti mzuri huu! Mti gani, fundi?"

Mjomba angeweza kusema mvule. Angeweza kujifanya hasikii. Alimtazama bwana usoni akajibu kwa sauti ileile:

"Ni ule wa mtepe, bwana! Ndio wa mwisho!"

Mikono ya Bwana Mbarouk ikatoka juu ya boriti kama iliyogusa sufuria ya moto. Alirudi nyuma hatua mbili, tatu, mpaka mgongo ukagonga nguzo.

Watu wote waliona.

"Sukuma, bwana!" mjomba akamwambia.

"Lete mwingine!"

"Kwa nini? Sukuma! Mbao za mtepe hazina msumari, wewe ndiye uliyetuambia!"

"Lete mti mwingine, nimesema!"

Mjomba akachukua mti mrefu wa kuondolea mkanda, akausukuma mkanda ukatoka kwenye gurudumu lake. Msumeno ukaendelea kuzunguka kwa nguvu zake wenyewe, polepole, polepole, mpaka ukasimama kabisa. Hata siku ile hakutaka mtu ausogelee kabla ya kusimama.

Muhidini akainuka jamvini.

"Shemeji, kuna nini katika mti huu?"

"Mtu huyu alitaka kuniua! Mmeona wenyewe! Alitaka kuniua mbele yenu!"

"Kwa mti wa mtepe?" mjomba akauliza. "Kwa kitu gani, bwana? Uzi?"

Safari hii hakuna kijana aliyecheka. Mfaume alikuwa amerudi na pakacha la makumbi, amesimama nalo kichwani, hakulishusha.

Mjomba akashika tezo. Hakutafuta, alipajua. Alipiga mara tatu, kizibo kikaruka, akachimba pembeni, akakishika kichwa cha chuma kwa koleo akavuta. Ukatoka msumari wa jahazi, mweusi, mrefu kama kiganja na vidole vyake. Akamwekea Muhidini mkononi.

Muhidini aliugeuza geuza.

"Mbarouk. Siku ile ya kijana yule ulijua."

"Ajali haina kinga, shemeji. Ni kudura."

"Kudura naijua. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

Bwana Mbarouk akatazama chini. "Kazi ilikuwa imechelewa," akasema.

"Ajali haina kinga," mjomba akasema, "lakini msumeno ulikuwa nayo. Uliitoa, ukawapa kuku."

"Fundi, sikiliza. Fundi wangu. Nitakirudisha kifuniko. Leo hii. Nitamtuma mtu Rufiji akamtafute ndugu yako, aje akae kwangu, ale kwangu..."

"Ale kwa mkono gani?"

Bwana Mbarouk akaingiza viganja vyake ndani ya mikono ya kanzu.

"Nakuuliza, bwana. Ale kwa mkono gani?"

Wapishi hawakujua yaliyotokea. Ndio wakati walipoingia na masinia ya pilau, mvuke unapanda, na birika la kunawia. Mtumishi akamwendea Muhidini kwanza kwa kuwa ndiye mgeni mkubwa. Muhidini akavuta mikono yake, akaiweka nyuma.

"Mimi sili hapa," akasema, akavaa makubadhi yake. Mfaume akalishusha pakacha akasimama karibu naye, na vijana wa karakana wakatoka mmoja mmoja, na pilau ile wengi wao walikuwa wameingojea tangu jana. Tahir peke yake alibaki. Alinawa, akaketi, akamega tonge, akasema, "Chakula hakina kosa, bwana, njoo ule." Bwana Mbarouk akaenda akaketi. Akapeleka mkono wake kwenye sinia. Mkono wa kulia, mzima, wenye pete mbili.

Mjomba alisimama akiutazama ule mkono ukienda na kurudi. Watu baadaye walisema siku ile Shamte alilipa kisasi kikubwa kuliko damu, maana mashemeji walitengana, na jina la Mbarouk likawa neno la kuchezea watoto mpaka Baleni. Waliosema hivyo hawakumwona uso. Alitazama lile tonge kama mtu mwenye njaa. Hakushiba kwa aibu ya mtu. Alitaka mkono.

Akanikuta mlangoni na pakacha langu tupu.

"Ulijua?" akaniuliza. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniuliza jambo.

"Nilijua, mjomba."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka na mimi."

"Nyumbani usiseme hivyo," akasema. "Mama yako ataogopa." Tupa zake za kunolea zilikuwa ukutani, tezo lilikuwa juu ya meza palepale alipoliweka, na hakuna hata kimoja alichochukua. Akashika njia ya Kisimani, ambako vyombo vya kwenda Rufiji hutoka, anakwenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Mfaume alimwita mara mbili, "Fundi! Ee, fundi!" Hakugeuka. Bwana Mbarouk alituma watu nyumbani kwetu siku ya tatu, maana msumeno haukuwa na mtu wa kuunoa, akatuma tena baada ya wiki, na mara ya mwisho alikuja mwenyewe, bila mwavuli, akasimama uani. Mama alimwambia hayupo, na hajui yuko wapi. Ilikuwa kweli.